Akili Inakaa Wapi: Miaka Niliyozunguka na Maandishi ya Kisanskriti

Vijana wa idara waliniomba niandike jambo kabla sijawaachia ofisi. Nadhani walitaka ukurasa mmoja wa ushauri. Ushauri wa kujaza ukurasa sina. Nilicho nacho ni habari ya utafiti mmoja ulionizungusha Louisville, Columbus na Buffalo katikati ya muongo wa 2010, na ambao mpaka leo sijatulia nao. Nitaandika nikiinuka mara kwa mara kuzunguka meza, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofanya kazi yangu yote.

Nilifika Columbus kusoma saikolojia nikiwa mtu mzima, baada ya miaka ya kufundisha Kiswahili katika sekondari ya wasichana huko Webuye. Muhula wa kwanza, darasa nililolitaka lilikuwa limejaa. Mshauri wa masomo akatazama kompyuta yake akaniambia kwamba katika saa hiyohiyo kumebaki Kisanskriti tu, tena wanafunzi ni wachache sana. Niliingia nikiwa na nia ya kutoroka mara nafasi ikipatikana kwingine. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa karibu na ngozi, Profesa Vasudha Kelkar, mzaliwa wa Pune, India. Hakuniuliza nimesoma nini. Aliniuliza, kwa Kiingereza chake cha haraka, kama kwetu watu huhesabu silabi wanapotunga mashairi.

Nikamwambia shairi letu lina vina na mizani, na likipungukiwa mizani tunaliita guni, na mtunzi wake huona haya.

"Nisomee moja," akasema.

Nikamsomea ubeti niliokuwa nikiwafundishia wasichana wangu. Alisikiliza huku anagonga meza kwa kidole. Alipokosa pigo moja aliniomba nirudie.

"Kaa," akasema nilipomaliza. "Sarufi utaichukia, lakini sikio unalo."

Sarufi niliichukia kama alivyotabiri, ingawa mtu aliyekua na ngeli za Kiswahili hashtuki sana akiambiwa kila neno lina jinsia na linataka wenzake wavae sare. Kilichonishinda ni kukaa. Profesa Kelkar alisoma kila mstari kwa sauti, tena na tena, kabla ya kuruhusu mtu yeyote aseme maana yake. Mimi nilikuwa natikisa mguu chini ya meza. Siku moja alisimamisha darasa akaniambia nisimame nisomee nyuma ya chumba, nikitembea. Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi mzuri.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Kamusi kubwa ya Kisanskriti iliyokwisha poteza jalada, kadi ngumu za kuandikia maneno, chupa ya chai. Baadaye tuliongeza kinasa sauti kidogo cha mfukoni, ambacho yeye hakukipenda kwa sababu, alisema, kinamfanya msikilizaji awe mvivu. Kanuni yake ilikuwa moja: usilitafsiri neno mpaka ule nalo chakula mara kadhaa. Ninyi mnaotafuta neno kwenye simu kisha mkaendelea, ninawaonea wivu, na ninawahurumia kidogo.

Utafiti wenyewe ulianza na manung'uniko. Profesa alikuwa ametumia maisha yake kusoma maandishi ya kale ya tiba ya Kihindi, hiyo inayoitwa Ayurveda, hasa sehemu zinazozungumzia akili. Maandishi hayo yanasema akili, manas, inakaa moyoni. Yanasema kuna hali ndani ya mtu iitwayo rajas, yaani msukosuko, na neno hilohilo hutumika kwa vumbi. Vumbi hilo likitimka, usingizi huondoka. Yeye alitaka kujua kama mtu asiye na habari yoyote ya India angejitambua katika maelezo hayo.

"Kila mara tunawapima watu kwa maswali ya Kiingereza," aliniambia, "halafu tunashangaa kuona wanafanana na Waingereza."

Akawachagua wasemaji wa Kiswahili. Sababu moja ilikuwa kwamba Wakongo wengi wa mashariki walikuwa wameletwa kuishi katika miji hiyo mitatu. Sababu nyingine ilikuwa mimi, ambaye tayari nilikuwa nimeajiriwa idarani na nilikuwa, kwa maneno yake, nimeanza kuyachakaza mazulia.

Kutafsiri dodoso kulitutoa jasho. Manas ni nini kwa Kiswahili? Ukisema akili, mtu anadhani unamuuliza kama ni mjanja. Ukisema moyo, anadhani unauliza kuhusu mapenzi au shinikizo la damu. Tulipofika kwenye rajas nilijiona nimeshinda. Nilimletea Profesa neno jakamoyo, hali ya moyo kukosa utulivu kwa wasiwasi, na akalipenda hata akaliandika ubaoni kwa herufi za Kisanskriti. Nilisafiri kwenda Louisville nikiwa na jakamoyo kwenye mkoba kama zawadi.

Louisville nilianzia Okolona, katika kanisa la Wakongo lililokuwa limekodi jengo la duka la zamani. Wanaume walikuwa wametoka ghalani kazini, bado wamevaa vizibao vya rangi kali. Mchungaji wao, mtu mtaratibu aitwaye Bahati, alinipa kiti mbele. Mimi nikasimama. Nikawasomea swali la kwanza: je, huwa unapatwa na jakamoyo?

Sauti moja kutoka nyuma ikauliza, "Njaka ya nini?"

Walicheka mpaka na mimi nikacheka. Mchungaji Bahati alingoja kicheko kiishe.

"Mama, hii Kiswahili yako ni ya kitabu," alisema. "Sisi, mutu akiwa hivyo, tunasema roho yake haitulie. Basi. Sasa miye niko na swali. Hii maneno ni ya dini ya Wahindi?"

Nilimjibu kweli. Maandishi hayo yanataja miungu, na walioyaandika walikuwa na dini yao. Sisi tulikuwa tunauliza kuhusu akili na usingizi. Hatukuwa tumekuja kumgeuza mtu.

"Bon. Nisomee kidogo, nisikie."

Nikamweleza kifungu nilichokijua kuliko vyote, kwamba ugonjwa wa akili huzaliwa mtu anapokosa anachokipenda na kupata asichokipenda. Mchungaji alikaa akilitazama zulia.

"Hiyo hata mutu wa kwetu Uvira anajua," akasema mwishowe. "Donc, uliza. Lakini mahojiano ya kwanza nitakaa hapa. Batu bangu bamechoka kuulizwa maulizo bila kujua inaenda wapi."

Alikaa kweli, na dodoso likabadilika palepale kanisani. Jakamoyo likatoka, roho haitulie ikaingia. Profesa Kelkar alilihuzunikia neno lile kama mtu aliyepoteza paka, lakini alikubali. Aliyepata taabu ni mtaalamu wetu wa takwimu, kijana mpole wa Columbus, aliyelazimika kuniuliza kwa barua pepe: katika kipimo cha moja hadi tano, "Mungu anasaidia" ni ngapi?

Miaka ile niliishi ndani ya gari. Leo Louisville, kesho Columbus, kisha kandokando ya ziwa hadi Buffalo. Nilipokuwa barabarani nilitamani dawati, na nilipofika kwenye dawati nilitafuta sababu ya kurudi barabarani. Profesa aliniambia waziwazi kwamba mimi mwenyewe ningefaa kuwa katika utafiti, na kwamba tatizo ni kuwa nisingekaa mpaka swali la mwisho.

Buffalo ndiko nilikokutana na Mama Noela. Mumewe alikuwa amefariki kabla ya safari, na alikuwa akilea wavulana wawili waliomjibu kwa Kiingereza kila alichosema kwa Kiswahili. Alifanya kazi katika kiwanda cha kufungasha vyakula. Noela alikuwa kifungua mimba wake. Siku waliyokimbia kutoka Kongo, msichana alikuwa kwa bibi yake kijiji kingine, na kwa muda mrefu mama aliamini wote wawili wamekufa. Faili lao la kuja Amerika likafungwa bila jina la Noela. Baadaye ndipo alipopatikana, yuko kambini Uganda, mzima. Tangu hapo mama alikuwa anamngoja. Na kwa kuwa kwao mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, kila aliyemwita Mama Noela alimtaja aliye mbali.

Katika mahojiano yetu ya kwanza hakukaa hata kidogo. Alimenya viazi amesimama, akafagia palipokwisha fagiwa, akafungua dirisha theluji ikiwa nje, akalifunga.

"Uliza tu, dada, nasikia," alisema.

Nilimuuliza kuhusu usingizi. Akatoa simu kwenye mfuko wa aproni akanionyesha. Noela alipiga alipopata mtu wa kumwazima simu kambini, na kule kukiwa mchana hapa watu wamelala. Mama hakutaka kuikosa hata mara moja. Kazini msimamizi alikuwa amemwona akiacha mstari na kutembeatembea, akamwambia aende hospitali. Daktari alimpa vidonge vya usingizi. Vilikuwa juu ya friji, pakiti haijafunguliwa.

"Nikilala, nani atasikia simu?" Alinitazama. "Ninyi munasoma mambo ya akili. Miye niko mgonjwa?"

Nilimwambia mimi si daktari, na kwamba swali hilo amrudishie daktari wake, amweleze na habari ya simu.

"Ya hopitali nitauliza hopitali. Nakuuliza ya ile kitabu yako."

Sehemu ya mwisho ya mahojiano yetu ilikuwa hasa hiyo, kumsomea mhojiwa vifungu kadhaa na kurekodi anachosema. Nikamwambia kile cha kukosa unachokipenda. Kisu kikasimama katikati ya kiazi.

"Soma kwa luga yao."

Nikakisoma kwa sauti, kwa mahadhi kama nilivyofundishwa. Wavulana wakaacha televisheni wakaja mlangoni kuangalia. Mama Noela akasema inaimbwa kama kanisani, kisha akauliza kitabu kinasema mtu wa namna hiyo afanyiwe nini. Nikamweleza kifungu kinachofuata katika dodoso: aliyepotewa na kitu akipendacho atulizwe kwa maneno mema, na apewe kinachofanana nacho.

Aliweka kisu chini.

"Inayofanana?"

"Ndivyo inavyosema."

"Mutoto iko na mwenye kufanana naye?"

Akavuta kiti akakaa, kwa mara ya kwanza, mikono juu ya meza, na nikaona kwamba amekaa kwa sababu ya hasira.

"Nilikuwa na batoto hawa wawili. Wanafanana naye, hata masikio. Mutu wa kanisa aliniambia, tulia, Mungu amekuachia hawa. Sikumusalimia tena. Ambia mwalimu wako, ule mwenye kuandika hiyo hakuzaa."

Nilirudi Columbus na sauti hiyo kwenye kinasa. Profesa Kelkar aliishi Clintonville, katika nyumba ya matofali yenye kibaraza, na huko ndiko tulikofanyia kazi ngumu, kwa sababu idarani kulikuwa na mikutano. Nilimchezea mazungumzo yote huku nikimtafsiria. Sura ya mwisho ya kitabu tulichokuwa tukiandika kutokana na utafiti, sura ya uponyaji, ilisimama juu ya kifungu hicho. Wafadhili waliisubiri sura hiyo kuliko nyingine zote, maana walitaka mwongozo ambao washauri nasaha wangeweza kuutumia.

"Tabibu wa kale alikuwa anazungumzia mgonjwa aliyerukwa na akili," alisema Profesa. "Hakumwahidi mtu mtoto mwingine."

"Yeye hivyo ndivyo alivyosikia."

"Basi umetafsiri vibaya."

Tukafungua kamusi. Tulilichambua lile neno la kufanana, kama ni sura, au aina, au thamani, na kila tulipopata mlango mmoja wa kutokea mimi nilisikia kisu kikiwekwa chini. Nikasema kifungu kitoke kabisa kwenye sura. Yeye akasema mtafiti haondoi asichokipenda. Nikasema mtafiti pia hampelekei mshauri nasaha kifungu kinachomfanya mama asimsalimie mtu tena. Tulikuwa tumeinua sauti. Nilichukua koti nikatoka, nikazunguka mitaa ile yenye miti mpaka masikio yakauma kwa baridi. Nilikuwa naamua kuacha kazi. Niliamua hivyo kwenye kona moja, nikabadili kwenye kona nyingine.

Niliporudi alikuwa amepasha chai na amejaza kadi kadhaa kwa mwandiko.

"Tulisahau desturi," alisema, bila kuomba radhi na bila kunitaka niombe. "Wanazuoni wa Kisanskriti huandika pingamizi kwanza. Wanaliandika kwa nguvu zake zote, vizuri kuliko mpinzani mwenyewe angeweza. Ndipo wanajibu. Sura itaanza na maneno yake."

"Na jibu?"

"Jibu nitaandika mimi."

Aliandika jibu majira yote ya kuchipua. Nililiona katika hatua nyingi. Kila moja ilikuwa ya kisomi na kila moja aliichana. Hatimaye alipeleka sura ikiwa na pingamizi la Mama Noela mwanzoni, bila jina lake na kwa ruhusa yake, kisha uchambuzi wa kifungu, kisha sentensi moja inayosema kwamba jibu halijapatikana. Wafadhili walituandikia kwa adabu kwamba hawataendelea nasi baada ya mwaka ule. Alizipokea habari hizo akinywa chai. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka meza.

Kabla mwaka haujaisha, Mama Noela alinipigia simu.

"Anakuja," alisema, na nilisikia yuko nje, kwenye upepo, na hawezi kusema zaidi.

Aliniomba niwepo uwanja wa ndege, ikitokea haja ya Kiingereza. Haikutokea. Noela, msichana mrefu aliyebeba mfuko wa plastiki wa karatasi zake kifuani, alitoka akiwa na mfanyakazi wa shirika la kupokea wakimbizi. Alikuwa amempita mama yake kimo. Alisimama hatua chache mbele yetu akatutazama mimi na Mama Noela kwa zamu, na kwa muda mfupi hakujua yupi ni yupi. Kisha akanyoosha mkono kusalimia, kwa heshima, kama mtu anavyomsalimia mwalimu. Mama yake aliushika mkono ule kwa mikono yote miwili na hakuuachia mpaka tulipofika kwenye gari.

Mahojiano ya ufuatiliaji yalikuwa wiki kadhaa baadaye. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari njema, na bila kujua nilikuwa nimeshaiandika kichwani. Msichana alikuwa shuleni. Mama Noela alikuwa anakunja nguo amesimama.

"Unalala sasa?"

"Hapana." Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Bameniletea mwenye kufanana naye."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea bila hasira.

"Ule nilimuacha alipenda kubebwa. Alikuwa anaogopa kuku. Huyu anapika mwenyewe, anafua mwenyewe, ananiambia asante, mama, asante, kama niko mugeni. Usiku nakaa kwenye mulango yake nasikia anapumua. Kupumua ni kwake. Hiyo haikubadilika. Basi nasikiliza."

Nilimpigia Profesa nikiwa ndani ya gari, karibu na ziwa, upepo ukilitikisa. Nikamrudia maneno ya Mama Noela neno kwa neno.

"Usiandike kwamba kitabu kilisema kweli," alisema.

"Sikukusudia."

"Wala usiandike kwamba kilikosea."

"Niandike nini basi?"

"Alichosema. Kisha nukta."

Nikaandika alichosema, kisha nukta. Baadaye nimeulizwa na wasomaji wa makala tuliyoitoa baada ya mahojiano hayo hitimisho letu ni lipi, na baadhi yenu mmeniuliza hivyo hivyo kwenye korido. Mhojiwa aliyeketi hata mara moja tu kwa hasira amewapa zaidi ya yule aliyejaza kila kisanduku. Hilo ndilo ninaloweza kuwapa, na hata hilo sina hakika nalo.

Utafiti ulifungwa. Profesa Kelkar alistaafu kabla yangu na kurudi Pune, anakofundisha watoto wa jirani kusoma kwa sauti na kunilalamikia kwa simu kuhusu joto. Mimi niliendelea na kazi nyingine, nyingi zikiwa na matokeo safi zaidi, na nyingi nimezisahau.

Mara ya mwisho kwenda Buffalo kwa ajili ya dodoso lile nilifika mchana, siku ya mapumziko kiwandani. Noela ndiye aliyefungua mlango, akaweka kidole mdomoni. Nyuma yake, kwenye kochi, Mama Noela alikuwa amelala chali, viatu vya kazi bado mguuni, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia. Wavulana walikuwa wanacheza chini karibu naye, na kwa amri ya dada yao walikuwa wanacheza kimya.

"Do you want me to wake her?" Noela aliniuliza kwa sauti ndogo. Kisha, kwa kuwa alifundishwa adabu, akarudia kwa Kiswahili cha mama yake: "Nimuamshe?"

"Hapana, mwanangu. Mwache."

"Lakini ulikuja kumuuliza."

"Lilikuwa swali moja tu," nikamwambia, nikavua koti langu, na yeye akaenda kuchemsha chai.